Land Rover na Peugeot 404 katika Njia za Handeni na Korogwe

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, twaona yafaa kuandika pia habari za motokaa. Mahindi yaliyo ghalani Handeni hayamfai kitu mkulima mpaka yapate njia ya kufika sokoni. Na Korogwe palikuwa na reli tangu mwaka 1902. Kati ya miji hiyo ni kilomita 65 hivi. Siku hizi pana lami, lakini wazee wetu waliijua njia hiyo kwa vumbi la kiangazi na tope la masika. Miongoni mwa magari yaliyosifiwa sana katika miaka ya 1960 na 1970, mawili twataka kuyapima hapa kwa haki.

Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Vita vilikuwa vimeacha uhaba wa chuma Uingereza, basi bodi yake ikafanywa kwa aluminiamu, ambayo hailiwi na kutu kama chuma. Injini yaweza kuendesha magurudumu yote manne, na gia zake nzito huitoa topeni pole pole. Kasoro zake ni springi ngumu zimchoshazo abiria, na kiu kubwa ya petroli. Tena silinda za injini yake ya petroli zikilika, bloku nzima hupelekwa kuchongwa.

Peugeot 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 ni ndogo, nayo hutumia mafuta kidogo. Silinda zake zina silivu ambazo fundi huzichomoa na kutia mpya bila kuchonga bloku. Uimara wake ulithibitishwa katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, iliposhinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulipatikana kwa mkono wa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Mwaka 1963 na 1968 magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Hata hivyo, huendeshwa na magurudumu ya nyuma pekee, na bodi yake ya chuma ikikwaruzwa bila kupakwa rangi, kutu huingia.

Basi ipi bora? Penye barabara, Peugeot ilimpeleka karani na mizani yake kwa gharama ndogo. Pasipo barabara, kama kuelekea Kwediboma na Songe, zilizokuwa Handeni kabla ya Wilaya ya Kilindi kuanzishwa mwaka 2002, Land Rover ilistahili petroli yake yote.

Lakini adui wa zote mbili alikuwa mmoja: ukosefu wa matunzo na vipuri. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, visirejeshwe mpaka kwa sheria ya mwaka 1982. Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977 hadi 1983, na baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zikawa adimu. Gari zima likaweza kulala kwa kukosa kipuri kimoja.

Ndugu wanachama, kila shilingi ya gereji hutoka katika bei ya mkulima. Kwa hiyo, tunaponunua gari tusiulize jina lake tu. Tuulize litapita wapi, fundi wake yuko wapi, na kipuri chake chapatikana wapi. Kisha kila gari liwe na daftari la kilomita, mafuta na matengenezo, nalo lisomwe mkutanoni kama hesabu nyingine. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.