Nguvu ya Mawimbi ya Intaneti: Namba Zinazofanana Zisizo na Maana Moja

Katika sehemu nyingi za ukanda wa Maziwa Makuu ambako nyaya za intaneti hazijafika, shule, zahanati na vyama vya ushirika hupata mtandao kwa njia ya redio. Antena iliyofungwa juu ya paa hupokea mawimbi kutoka mnara ulio ng'ambo ya bonde au ya ziwa. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, mradi wa BOSCO wa Jimbo Kuu Katoliki ulianza mwaka 2007 kuunganisha kambi za wakimbizi wa ndani kwa njia hiyo, ukitumia umeme wa jua.

Kila kifaa cha namna hii humwonyesha mtumiaji namba ya nguvu ya mawimbi, na mara nyingi namba hiyo ndiyo huamua kifaa kipi kinunuliwe na kipi kiachwe. Hapo ndipo fedha za jamii huweza kupotea, kwa sababu namba zitokazo katika vifaa tofauti si lazima zipime kitu kimoja.

Kipimo chenyewe

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa dBm, yaani desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati 1. Sifuri ni miliwati 1 kamili, −30 ni sehemu moja ya elfu ya miliwati, na −60 ni sehemu moja ya milioni. Kwa kuwa mawimbi yanayopokelewa ni dhaifu mno, namba huwa hasi, na iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo yenye nguvu. Tofauti ya desibeli 3 ni takriban maradufu. Tofauti ya 10 ni mara kumi. Kwa hiyo antena iliyoshuka kutoka −62 hadi −72 imepoteza sehemu tisa katika kumi za nguvu yake.

Mahali tofauti zinapotokea

Chanzo cha kwanza ni kipimo kiitwacho RSSI. Kanuni za awali za Wi-Fi ziliruhusu kila mtengenezaji kujiwekea ngazi zake, bila kulazimisha usahihi wowote. Katika kadi za zamani, kipeo cha Cisco kilikuwa 100, cha Atheros 60 na cha Symbol 31. Namba 30 ilikaribia kilele katika kadi ya Symbol, ilikuwa nusu katika ya Atheros, na haikufika hata theluthi katika ya Cisco. Asilimia na vijistari vinavyoonekana kwenye kioo cha kifaa vina kasoro hiyohiyo.

Chanzo cha pili ni mitandao ya simu ya 4G. Humo baadhi ya vifaa huonyesha RSSI, ambayo ni jumla ya nguvu yote iliyomo katika mkanda mzima, pamoja na kelele. Vingine huonyesha RSRP, ambayo ni nguvu ya kijimkanda kimoja tu cha kilohezi 15. Mkanda wa megahezi 20 una vijimkanda 1,200 vya namna hiyo, na kwa sababu hiyo namba hizo mbili huachana kwa takriban desibeli 31 pale mnara unapokuwa na shughuli nyingi. Kifaa kinachoonyesha RSRP ya −95 na kingine kinachoonyesha RSSI ya −64 huenda vinapokea mawimbi yaleyale.

Chanzo cha tatu ni idadi ya njia za kupokelea. Redio nyingi za kisasa zina njia mbili. Kila moja ikipokea −60, jumla yake ni −57. Programu moja itaandika namba ya njia moja, nyingine itaandika jumla, na mnunuzi atadhani kifaa cha pili kina nguvu maradufu.

Aidha, redio nyingi hupunguza nguvu ya kurusha zinapotuma data kwa kasi kubwa. Namba iliyosomwa wakati kiungo kimetulia huweza kuwa nzuri kuliko ile ya wakati wa kazi.

Kelele nayo ihesabiwe

Mawimbi yenye nguvu hayafai kitu iwapo kelele inayoyazunguka ina nguvu karibu sawa nayo. Katika mkanda wa megahezi 20, kelele ya asili itokanayo na joto ni takriban −101 dBm. Mkanda ukipanuliwa hadi megahezi 40 hupanda hadi −98, kabla ya kuongeza kelele ya kifaa chenyewe na ya majirani. Kinachopaswa kutazamwa, basi, ni tofauti kati ya mawimbi na kelele.

Namna ya kulinganisha kwa haki

Vifaa vinavyoshindanishwa vifungwe kwa zamu mahali pamoja, kwa antena ileile na kebo ileile inapowezekana, vikitumia masafa na upana wa mkanda uleule. Vipimo vichukuliwe mara kadhaa, asubuhi, mchana na jioni, hasa pale mawimbi yanapovuka maji, kwa kuwa uso wa ziwa huyaakisi na namba hupanda na kushuka. Isomwe namba ya pande zote mbili za kiungo, wakati data inapita. Tofauti ya desibeli 2 au 3 isichukuliwe kuwa ushindi, kwani vifaa hivi si mizani ya maabara.

Ipo pia hesabu ya kuhakikisha. Mawimbi ya gigahezi 5.8 yakisafiri kilomita 10 bila kizuizi hupoteza takriban desibeli 128. Redio ikirusha 13 dBm, yaani miliwati 20, na kila antena ikiongeza desibeli 23, namba inayotarajiwa upande wa pili ni karibu −69. Kifaa kikionyesha −80, antena imepinda au kuna mti njiani. Kikionyesha −50, namba yenyewe ndiyo ya kutiliwa shaka.

Mwisho wa yote, kamati ya shule au ya zahanati inayotaka kununua kifaa imwombe muuzaji mambo matatu kabla ya kutia saini: aeleze namba yake inapima nini, aonyeshe tofauti kati ya mawimbi na kelele, na apime kasi ya data kwa muda wa siku nzima. Kasi hiyo ndiyo mwalimu na mganga wataitumia kila siku.