Mawingu ya Nanyuki: Nyumba, Klabu na Kumbukumbu ya Ardhi

Msafiri atokaye Eringeti kwenda Lubero huvuka mstari wa ikweta akisha kuupita mji wa Butembo, wala hadaiwi chochote. Mstari huohuo, ukifika Nanyuki nchini Kenya, hukata bustani za hoteli ya kifahari yenye uwanja wa gofu. Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kuwa majina ya mahali hapo yanahifadhi sehemu ya historia yake, na kuificha sehemu nyingine.

Historia inayosimuliwa kwa kawaida huanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, Rhoda Lewisohn, tajiri kutoka Marekani, na Gabriel Prud'homme, Mfaransa, walipojenga jumba lao wakaliita Mawingu. Baadaye jumba hilo likafanywa hoteli. Mwaka 1959 mwigizaji William Holden, pamoja na Ray Ryan na Carl Hirschmann, walilinunua na kulifanya Mount Kenya Safari Club.

Hata hivyo, ardhi ina umri kuliko nyumba. Nanyuki imo ukingoni mwa uwanda wa Laikipia. Kwa mkataba wa mwaka 1904, Wamasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, wakapewa Laikipia kwa ahadi kwamba itakuwa yao maadamu kabila lao lipo. Ahadi hiyo haikutimiza miaka 10. Mkataba wa mwaka 1911 uliwahamisha tena kuelekea kusini. Ole Njogo na wenzake walishtaki, lakini mwaka 1913 kesi yao ilitupwa: mahakama ilisema haina mamlaka juu ya mkataba baina ya dola na dola. Ndipo Laikipia ikawa nchi ya mashamba ya walowezi.

Tukirudi kwenye lugha, jina Mawingu ni la Kiswahili, lakini liliwekwa na wageni wenye mali. Klabu ni neno la mkopo lenye maana ya wanachama, na panapo wanachama pana pia wasioruhusiwa kuingia. Neno gofu nalo lina maana mbili: mchezo uliotoka ng'ambo, na jengo lililobomoka. Hayo ni maneno mawili yaliyokutana katika sauti tu. Lakini mwanahistoria akitafuta masalia ya waliotangulia, hatayaona katika maana ya kwanza wala ya pili, kwani mfugaji anayehama haachi gofu. Huacha majina.

Suala hili linatuhusu. Mashamba ya kahawa ya wakoloni katika Beni na Lubero nayo yalibadilisha wenyewe, hasa baada ya hatua za serikali ya Zaire za mwaka 1973. Tunajua majina ya waliomiliki; majina ya vilima na vijito kabla yao wanayo wazee. Vita vimewatawanya wengi wao kutoka vijijini. Wanafunzi wetu na wayakusanye sasa, kwani jina lisipoandikwa, hati ya mnunuzi ndiyo itakayobaki kuwa historia.