Umbali wa ndege na muda wa safari: Dar es Salaam hadi Guangzhou

Kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou, China, ni takriban kilomita 8,700 kwa mstari ulionyooka. Ndege kubwa ya abiria hwenda kilomita 850 hadi 900 kwa saa, hivyo safari ya moja kwa moja huchukua saa 10 hadi 11. Kupitia Dubai, njia inafikia kilomita 9,800 hivi. Umbali unaoongezeka si mkubwa; kinachorefusha safari ni kusubiri ndege ya kuunganisha.

Wafanyabiashara wazingatie kwamba tiketi huonyesha saa za kila mji. Guangzhou iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa 5, na mbele ya Kigali, Bujumbura na Lubumbashi kwa saa 6. Anayeondoka Dar es Salaam Jumatatu saa 4 usiku (22:00), akikaa angani muda wa saa 11, atatua Jumanne saa 8 mchana (14:00) kwa saa za huko. Akimaliza uhamiaji na forodha, siku ya kazi inakaribia kwisha. Miadi ya kiwandani au kwa wakala wa mizigo ipangwe Jumatano.