Kutoka Kiwanja cha Shule hadi Mchezo wa Kulipwa

Ngamiani, mtaa wa Tanga ambao barabara zake huitwa kwa nambari, humezwa na mpira wa miguu. Coastal Union ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1988. Kijana wa hapo apendaye mpira wa kikapu hana budi kutazama mbali zaidi.

Njia hiyo ilifunguliwa na Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1987. Kimo chake, kinachozidi mita 2.2, kilimfikisha katika shule ya Texas, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut. Na Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ikamchagua wa pili miongoni mwa wachezaji wapya wote. Hakuna Mtanzania aliyemtangulia katika NBA.

Lakini yafaa kusema kweli. Kabla msimu wake wa kwanza haujakwisha alishushwa kwa muda ligi ya chini, na baada ya mwaka 2014 hakuicheza NBA tena. Chuoni alisifika kwa kuzuia mitupo, kazi ambayo kimo huirahisisha. Kutupia kwa shabaha, hata hivyo, hudai mikono iliyozoezwa tangu utotoni, naye utoto wake ulipita bila kikapu.