Disketi za Warhol na swali la kufomati

Julai 1985, mjini New York, kampuni ya Commodore ilizindua kompyuta yake ya Amiga, na msanii Andy Warhol akapanda jukwaani kuchora nayo picha ya mwimbaji Debbie Harry. Baadaye aliendelea kuchora kwa Amiga akihifadhi kwenye disketi. Alifariki 1987, na disketi zikabaki kwenye makumbusho yake kule Pittsburgh. Kuanzia 2011 msanii Cory Arcangel aliziulizia, na klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ikaombwa kuzifungua.

Sasa, kwa nini isitoshe kununua kisomeo cha USB na kuzichomeka? Kwa umbo ni disketi zilezile za inchi 3.5, zinaingia vizuri tu. Tatizo ni mpangilio wa ndani. Disketi ya PC ya aina hiyo ina sekta 9 katika kila duara la sumaku, jumla kilobaiti 720. Amiga ilibana sekta 11 bila kuacha nafasi ambazo PC huzitegemea, ikapata 880. Ni kama kumpa barua ya Kiswahili cha herufi za Kiarabu mtu anayesoma za Kirumi peke yake.

Ila mtu huyo angesema "sijui kusoma". Kompyuta ya kisasa mara nyingi husema disketi haijafomatiwa, kisha inakuuliza: nifomati? Kwangu hilo ni swali la hatari kuliko virusi vingi! Kufomati disketi kikamilifu ni kuandika upya kila duara, na kilichokuwepo ndiyo basi tena.

Wanafunzi wale hawakuiuliza kompyuta maoni yake. Walitumia KryoFlux, kifaa kinachorekodi mabadiliko ya sumaku jinsi yalivyo bila kujali mpangilio, halafu programu ndiyo inafasiri. Na kwenye disketi yenyewe hakiandikwi kitu. Hata hivyo baadhi ya mafaili yalikuwa ya aina isiyojulikana, ikabidi wachambue muundo wake ndipo picha zionekane.

Zikatoka picha 28, zikatangazwa Aprili 2014. Kuna kopo la supu, kuna ndizi, na kuna Venus wa Botticelli, safari hii ana macho matatu.