Harufu dhidi ya usingizi wa dereva

Ni matumizi ya vitu vyenye harufu kali, hasa mnanaa, mdalasini, ndimu na dawa za kuchua zenye mentholi, ili aliyeshika usukani asisinzie. Katika Kaunti ya Taita Taveta jambo hili humhusu zaidi dereva wa usiku: yule anayepakia ndizi, nyanya na vitunguu Taveta mjini, wadi ya Bomeni, siku ya soko, yaani Jumatano au Jumamosi, akitaka mzigo uwe Mombasa kabla ya kupambazuka.

Safari yenyewe inaeleza kwa nini dereva hutafuta msaada wa pua. Toka Taveta hadi Voi ni takriban kilomita 110. Ukishaiacha Salaita, lami inanyooka kwenye nyika ya Tsavo kupitia Mbuyuni hadi Maktau. Taa hakuna, nyumba ni za kuhesabu, na ndovu huvuka bila kupiga honi. Barabara iliyonyooka humbembeleza mtu kama mtoto mgongoni. Voi si mwisho pia, kwa kuwa hapo lori huingia barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, na Pwani ingali mbali kwa zaidi ya kilomita 150 katikati ya misururu ya trela. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata karibu mita 90 ndani ya sekunde nne, na lepe la usingizi huweza kuchukua sekunde hizo zote bila mwenyewe kujua kwamba alilala.

Puani mna njia mbili. Neva ya kunusa hutambua harufu: hii karafuu, hii ndizi mbivu. Neva ya pili, trijemina, huhisi ubaridi na mwasho, na ndiyo inayotoa machozi mtu akikata kitunguu. Mentholi ya mnanaa huamsha vipokezi vilevile vinavyohisi baridi, ndiyo maana pua husikia ubaridi ilhali hewa ndani ya kabini ni ileile ya joto. Kushtuka kwa dereva hutokana zaidi na neva hii kuliko na uzuri wa harufu. Kwa hiyo yale manukato matamu yanayoning'inizwa kwenye kioo cha gari ni pambo tu, na lavenda ndiyo kabisa haifai, maana sifa yake ni kutuliza.

Uchunguzi unaotajwa sana ni wa Bryan Raudenbush na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wheeling Jesuit, Marekani, uliochapishwa 2009. Watu waliendesha gari la kuigiza huku wakipewa harufu ya mnanaa au ya mdalasini. Kwa zote mbili walisema wako macho zaidi na hawakereki sana, na mnanaa ulipunguza pia uchovu walioueleza. Matokeo hayo yana thamani, ila kujisikia macho na kuwa macho ni vitu viwili, na chumba cha majaribio hakina ndovu.

Kasoro kubwa ya harufu ni kwamba pua huizoea upesi. Baada ya dakika chache chupa ileile haishtui tena. Kwa sababu hiyo ni afadhali kuinusa kwa vipindi kuliko kuiacha wazi safari nzima. Mafuta ya mnanaa hayapakwi karibu na macho, wala hayatumiwi kabini akiwamo mtoto mchanga, kwani mentholi huweza kumbana pumzi.

Kwa nguvu, harufu iko chini ya kahawa, na kahawa iko chini ya usingizi. Reyner na Horne wa Loughborough, Uingereza, walionyesha miaka ya 1990 kwamba hewa baridi na redio havimsaidii sana dereva mwenye usingizi, bali kahawa ikifuatwa na usingizi mfupi humsaidia. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu 66A, nayo humkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa 24.

Basi harufu hununua dakika za kufikia mahali pa kuegesha, na katika njia hii mahali penyewe huchaguliwa mapema, kwani porini si pa kulala. Ukijikuta unafungua chupa mara ya pili, ingia Maktau au Mwatate, kunywa kahawa yako, ulale dakika 20.