Lugha Iliyozaliwa Ndani ya Basi la Shule

Mwaka 1977 kilifunguliwa kituo cha elimu maalumu katika mtaa wa San Judas, jijini Managua. Nicaragua ilikuwa bado mikononi mwa ukoo wa Somoza, na jiji lenyewe lilikuwa halijapona tetemeko la Desemba 1972 lililosambaratisha sehemu kubwa ya katikati yake. Kituo kilianza na watoto viziwi wapatao 50. Miaka miwili baadaye walifika kama 100. Kwa nchi nzima idadi hiyo ni ndogo, lakini ilikuwa haijawahi kutokea kabla ya hapo viziwi wengi kiasi hicho wakakaa pamoja mahali pamoja nchini Nicaragua, siku baada ya siku.

Kabla ya hapo kila mtoto kiziwi aliishi kivyake. Karibu wote walizaliwa na wazazi wanaosikia. Hapakuwa na chama cha viziwi, wala mzee kiziwi wa kumwendea, wala lugha ya alama ya kurithi. Familia nyingi ziliwaweka ndani, nyingine kwa kuona aibu, nyingine kwa kuhofia usalama wao. Kila nyumba ilijitungia ishara zake: ya chakula, ya kulala, ya baba, ya "toka hapa". Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana. Vijiji vingi vina mtu anayeitwa bubu, jina baya lisilo na ukweli maana sauti anayo, na anaelewana vizuri na mama yake na majirani wawili watatu. Ishara za namna hiyo zinatosha kuomba maji. Hazitoshi kumsimulia mgeni kilichotokea jana sokoni.

Julai 1979 waasi wa Sandinista waliung'oa utawala wa Somoza na kuingia Managua. Mwaka uliofuata serikali mpya ilituma maelfu kwa maelfu ya vijana mashambani kufundisha watu wazima kusoma, na katika wimbi hilo la elimu viziwi nao wakakumbukwa. Mwaka 1980 kilifunguliwa chuo cha ufundi cha vijana huko Villa Libertad, upande mwingine wa jiji. Kufikia 1983 shule hizo mbili zilikuwa na wanafunzi viziwi zaidi ya 400.

Darasani mambo hayakwenda. Walimu walifuata njia iliyotawala elimu ya viziwi kwa karne nzima, tangu mkutano wa Milan wa mwaka 1880, ambako wajumbe 164, wote wakiwa wanasikia isipokuwa mmoja, waliamua kwamba usemaji wa mdomo ni bora kuliko alama za mikono na kwamba alama ziondolewe shuleni. (Miaka 130 baadaye, huko Vancouver, warithi wa mkutano huo walieleza majuto yao. Viziwi waliokwishafungwa mikono walikuwa wameshazeeka na kufa.) Kwa hiyo mwalimu wa Managua alisimama mbele, akatamka neno la Kihispania taratibu huku akikunjua midomo, na mtoto akatakiwa kulisoma usoni kisha alitamke.

Anayedhani kazi hiyo ni rahisi asimame mbele ya kioo aseme, bila kutoa sauti, "baba", kisha "mama", kisha "papa". Midomo inafanya kitu kilekile mara tatu. Mtu aliyekua akisikia anakisia kwa sababu lugha anayo tayari kichwani. Mtoto wa San Judas hakuwa na lugha yoyote ya kukisia nayo. Walimu walijaribu pia alfabeti ya vidole, kila herufi na umbo lake la mkono, lakini kumwandikia kwa vidole neno la lugha asiyoijua hakumsaidii kitu. Wengi walitoka darasani na maneno machache ya kukariri.

Shule, hata hivyo, ni kubwa kuliko darasa. Kulikuwa na basi lililowazungusha mitaani asubuhi na jioni, kulikuwa na mapumziko uwanjani, kulikuwa na barabara ya kurudi nyumbani. Huko hakuna aliyesahihisha midomo ya mtu. Mtoto alikuja na ishara ya nyumbani kwao, mwenzake akaja na yake, na kwa kuwa walitaka kusengenya, kutaniana, kugombea mpira na kusimulia sinema, ishara zilianza kukutana. Nyingine zilishinda, nyingine zikafa. Katika miaka michache ya mwanzo wakubwa walikuwa wameshapata akiba ya pamoja iliyowatosha kuelewana, ingawa kila mmoja aliitumia kwa namna yake. Walimu waliiona mikono ikienda huku na huko, na wengi wakaisoma kama dalili kwamba Kihispania kimeshindikana.

Nasita kulaumu walimu wale. Walikuwa na madarasa yaliyojaa na nchi iliyoingia vitani tena, safari hii na waasi wa Contra waliokuwa wakifadhiliwa na Marekani. Nao walikosa mtu wa kuwaambia kinachotokea madirishani mwao.

Juni 1986 Wizara ya Elimu ilimwalika Judy Kegl, mwanaisimu Mmarekani aliyebobea katika lugha ya alama, aje aangalie. Alianza na vijana wa Villa Libertad, akakuta ishara zao za pamoja, zenye maana na pia zenye kukwama-kwama. Kisha akaenda kwa wadogo wa San Judas, na hapo mambo yakawa mengine. Watoto wale walikwenda kasi, kwa mdundo, mikono ikifuata utaratibu ambao wakubwa hawakuwa nao. Walioingia shuleni wakiwa na miaka minne, mitano au sita walikuwa wameipokea akiba ya kaka na dada zao wa shuleni, kisha wakaitia sarufi bila kufundishwa na mtu.

Sarufi hiyo ilikuwaje? Ann Senghas, aliyefuata nyayo za Kegl na kuendelea na utafiti huo kwa miongo kadhaa, aliwaonyesha viziwi wa rika mbalimbali kibonzo ambamo paka amemeza mpira mzito na sasa anabingirika kuteremka barabara yenye mwinuko. Kisha akawaomba wasimulie. Mtu anayesikia, akieleza tukio hilo huku akipunga mikono, atachora duara linaloshuka: kubingirika na kuteremka ndani ya mwendo mmoja, sawasawa na alivyoona. Viziwi wa kundi la kwanza, walioingia shuleni kabla ya 1984, mara nyingi walifanya karibu vivyo hivyo. Waliokuja nyuma yao walivunja tukio vipande viwili: alama ya kubingirika, halafu alama ya kuteremka, moja baada ya nyingine. Kama picha ya tukio, hiyo imeharibika, maana paka hakubingirika kwanza ndipo akateremka. Kama lugha, ni hatua kubwa mno. Kipande cha "kuteremka" kikishakuwa peke yake, kinaweza kuunganishwa na kutembea, kuruka au kuanguka. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2004.

Watoto waliongeza pia matumizi ya nafasi. Mtu akitajwa upande mmoja wa mwili wa msimuliaji, vitendo vinavyomhusu vilielekezwa upande uleule, kwa hiyo mtazamaji alijua nani amempa nani. Kundi la kwanza lilielekeza vitendo kushoto au kulia pasipo maana thabiti.

Hapa anayeijua Nairobi ataikumbuka Sheng, nayo iliyokuzwa na vijana wa mitaa ya Eastlands pasipo idhini ya mwalimu yeyote. Ila Sheng ilikuwa na Kiswahili, Kiingereza na lugha za nyumbani za kuchota. Wa Managua walichota kutoka kwenye ishara za jikoni kwa mama.

Kegl aliulizwa swali gumu: kwa nini asiwaletee Lugha ya Alama ya Marekani, yenye kamusi, walimu na vitabu? Alikataa, akisema huo ungekuwa ubeberu wa lugha. Wakosoaji walisema anawaacha watoto wawe kielelezo cha utafiti wakati msaada upo. Kwa upande wangu naona alikuwa sahihi kuhusu Managua: kufikia 1986 mamia ya watu walikuwa wakizungumza lugha yao, na kuifuta ili kuleta ya wageni kungekuwa kurudia kosa la Milan kwa mikono badala ya midomo. Watoto wa mbali walihitaji jibu jingine. Mwaka 1995, huko Bluefields kwenye pwani ya Karibi, Kegl na wenzake walisaidia kuanzisha shule ndogo ambamo viziwi wa Nicaragua wenyewe ndio waliopeleka lugha ya Managua kwa watoto ambao hawakuwa nayo.

Wakati huohuo wanafunzi wa kwanza walikuwa wamekua. Chama chao kilianzishwa mwaka 1986, na nyumba yake jijini ikawa mahali pa kukutania, kucheza karata, kuchumbiana na kubishana ni alama ipi sahihi. Mwaka 1997 kamusi ya lugha yao ilitoka.

Nyumba hiyo ya chama ndiyo iliyofichua jambo moja ambalo halikutarajiwa. Mwaka 2001 Jennie Pyers na Senghas waliwapa watu wazima wa kundi la kwanza, na wadogo wao wa kundi la pili, hadithi ya picha. Kaka mkubwa anaficha treni ya kuchezea chini ya kitanda, anatoka. Mdogo wake anaihamishia kwenye sanduku. Kaka akirudi, ataitafuta wapi? Wadogo wengi walichagua picha ya kitanda. Wakubwa, watu wenye kazi na baadhi yao wazazi, wengi walichagua sanduku, mahali ilipo kweli, kana kwamba kaka anajua wanachokijua wao. Akili haikuwa tatizo. Lugha waliyoijenga utotoni ilikuwa na alama chache sana za kudhani, kujua na kutojua, na wadogo ndio waliozizidisha.

Watafiti waliporudi mwaka 2003, wakubwa walifanya vizuri zaidi. Katika miaka hiyo miwili walikuwa wakikutana na wadogo chamani, wakiokota alama hizo za mawazo katika maongezi ya kawaida. Katika mambo mengine hawakuwafikia. Aliyeanza lugha baada ya utoto aliendelea kukwama mahali ambapo mdogo wake anapita mbio.

Mwaka 2009 Bunge la Nicaragua lilipitisha Sheria Namba 675 na kuitambua rasmi Lugha ya Alama ya Nicaragua. Sheria hiyo haikusogeza shule karibu na kila kijiji. Mtoto kiziwi wa mashambani anayepelekwa mjini akiwa na miaka 15 anaikuta lugha imekamilika, ina kamusi na walimu viziwi, naye anaianza akiwa amechelewa kama walivyochelewa wale wa Villa Libertad.